Kadi Iliyokataa Kulala

Palikuwa na nchi, na kama hukuiona usijilaumu, maana hata wenyewe hawakuiona sawasawa. Umeme ulikuwa umekatika. Jina la nchi hiyo halitajwi hapa. Si kwa hofu, hasha. Jina lilipelekwa kukarabatiwa mwaka wa sherehe za uhuru, na mpaka leo mkandarasi anasema anasubiri vipuri. Wananchi wake husema tu "kwetu", na wanaelewana.

Katika nchi hiyo ilikuwepo Wizara ya Kuondoa Vilivyozeeka. Waziri wake, Mheshimiwa Ponsiano Lugome, alikuwa na miaka themanini na moja, na jukwaani alipandishwa na vijana wawili, mmoja kila kwapa. Juu yake alikuwepo Mkuu wa Daima, ambaye umri wake ulikuwa siri ya taifa. Wizara ilikuwa na bidii, hilo haliwezi kukataliwa. Iliondoa treni kwa kuwa zimezeeka. Mwaka uliofuata ikaondoa reli, kwa kuwa reli isiyo na treni haina maana. Kisha ikaondoa stesheni, ila ikamwacha mkuu wa stesheni, kwa kuwa alikuwa shemeji wa mtu.

Siku moja, katika kuzungukazunguka ikitafuta la kuondoa, wizara ikaliona kabati la Bi Somoe.

Kabati lenyewe lilikuwa la mninga, lina droo mia moja na ishirini, na lilikaa katika maktaba ya Mji wa Kati. Miji mitano ilikuwa na maktaba tano, na maktaba tano zilikuwa na kabati moja. Kila kitabu, kiwe katika mji gani, kadi yake ilikaa humo. Kitabu kikiwa rafuni, kadi yake inalazwa kwa ubavu pamoja na wenzake. Kitabu kikiazimwa, jina la mwazimaji linaandikwa, na kadi inasimamishwa wima, kichwa kimetokeza juu ya wengine kama mtoto aliyenyoosha kidole darasani. Mtu wa mji wa mbali akitaka kitabu aliandika kikaratasi akampa kondakta wa basi: "Ufugaji wa kuku, kimelala au kimesimama?" Kikaratasi kilifika saa nne, na jibu likarudi na basi la saa nane: "Kimesimama. Anacho Mwalimu Ng'wandu. Mwambieni afanye haraka, kuku wake wenyewe walishakufa."

Na sheria ya kabati ilikuwa moja: kadi hailazwi mpaka kitabu kirudi. Mwazimaji akihama, kadi inasimama. Mwazimaji akifa, kadi inasimama, mpaka ndugu wapekue sanduku wakilete. Wakikileta, aliyepo kabatini anailaza kadi kwa mikono miwili na kusema, "Pumzika." Haikuandikwa popote. Ilikuwa desturi tu, kama kuvua viatu mlangoni.

Bi Somoe hakuajiriwa kwenye kabati hilo. Alikuja.

Alikuwa na mtoto mmoja, Shaweji, fundi baiskeli, miaka ishirini na mitatu, aliyetaka kufuga nyuki. Alikuwa ameshachonga mizinga miwili ya magogo akaitundika. Nyuki ndio walikuwa bado. Akaazima kitabu kiitwacho *Mzinga na Wenyewe*. Siku aliyokileta nyumbani alikaa kizingitini akakivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, akaligandisha kwa ile solusheni ya kuzibia mipira. Mama yake akamwambia, "Kitabu cha watu, usikikunje kona." Akasema, "Sikunji, mama." Na wote wawili walijua atakunja.

Shaweji alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti. Watu waliosubiri viraka vya baiskeli vikauke walisomewa nyuki, watake wasitake. Walipofika sura ya nne akasoma: "Malkia akizeeka asiweze kutaga tena, nyuki hawamtukani wala hawagombani. Hulea mwingine taratibu, na kazi ya mzinga huendelea." Watu wanne wakacheka. Wa tano hakucheka. Aliondoka, na kiraka chake hakijakauka.

Kesho yake likaja gari lisilo na namba, wakashuka watu wenye daftari.

"Huyo malkia ni nani?"

"Ni nyuki."

"Anaitwa nani?"

"Malkia."

"Anakaa wapi?"

"Mzingani, mzee. Nyuki wote wanakaa mzingani."

Waliandika yote. Wakamchukua Shaweji, na kitabu wakakichukua kiwe kielelezo. Kandambili moja ilibaki mlangoni.

Bi Somoe alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwa heshima kabisa kwamba mwanawe amesafiri. Vijana wote waliochukuliwa mwaka ule walikuwa wamesafiri. Haikuwepo nchi yenye vijana wasafiri kama ile, na wote waliondoka bila kubeba hata mswaki.

Akazunguka vituo, akazunguka ofisi, mpaka akaishia maktaba. Mkutubi wa wakati huo, Mzee Kaingwa, Mungu amrehemu, alivuta droo ya sabini na mbili akamwonyesha kadi iliyosimama. *Shaweji Abdalla Mkumba. Ametoka nacho tarehe 14 Machi. Kirudi tarehe 28 Machi.*

"Bi Somoe," akasema, "serikali nzima ina karatasi moja tu inayomngoja mwanao. Ni hii."

Kesho yake akaja kuiangalia. Na kesho kutwa. Mwezi wa pili ulipoingia, Mzee Kaingwa akampa kitambaa: "Kama utakuja kila siku, basi futa na vumbi." Akafuta. Elimu yake ya zamani ya darasa la nne aliinoa kwa kusoma kadi, moja baada ya moja, midomo ikicheza, mpaka akajua kila kitabu cha miji mitano kilipo na kwa nani. Mzee Kaingwa alipokufa, hakuna aliyekumbuka kwamba yule mama hakuwahi kuajiriwa. Miaka ishirini na minane ikapita hivyo. Kila asubuhi, kabla ya lolote, alivuta droo ya sabini na mbili na kuigusa ile kadi kwa mgongo wa kidole, kama unavyomgusa mtoto kujua kama ana homa.

Uzinduzi wa kuondoa kabati ulifanyika uwanjani. Waziri Lugome alihutubia kwa saa mbili na robo.

"Ndugu wananchi! Kadi ni nini? Kadi ni karatasi! Karatasi ni nini? Ni mti uliokufa! Je, taifa lenye kujiheshimu litaongozwa na miti iliyokufa?"

"Haliwezi!" wakaitikia watu wa mstari wa mbele, waliopewa fulana.

"Kila kilichozeeka, ndugu zangu, kiondoke!" Hapo akasita, akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akamnong'oneza. "Isipokuwa," akaendelea Mheshimiwa, "vile vilivyomo katika orodha maalumu ya vitu viwili, ambayo haitasomwa."

Mashine ikaja. Iliitwa Mfumo Mmoja, na ilikuwa katika maboksi matano, boksi moja kila mji. Karani wa mezani, Bi Kurusumu, mwanamke mwenye mdomo na roho nyeupe, aliifumia kitambaa cha nyuzi chenye maua pembeni, kama ilivyo desturi kwa kitu cha thamani sebuleni, akaifunika na kuweka chombo cha maua ya plastiki juu yake. Miji mingine minne ikasikia, nayo ikafuma. Ilichukua wiki tatu kabla ya mtu yeyote kupata ujasiri wa kufunua.

"Shoga," Bi Kurusumu alimwuliza Bi Somoe, "hii ni televisheni au ni serikali?"

"Iwashe, utajua."

"Imekataa kuwaka."

"Basi ni serikali."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ilikuwa mara yao ya mwisho kucheka hivyo.

Pamoja na mashine alikuja Afisa Usasa, Bwana Deogratias Mwimo, kijana mpole mwenye tai fupi, aliyeahidiwa cheo kama kazi ingekwisha kabla ya Jumamosi ya mwisho ya mwaka. Alileta Waraka Namba Tisa, uliosema: *Kila kilichomo juu ya kadi kiingizwe kama kilivyo.* Wachapaji sita wakaingiza kila kitu kama kilivyo. Baada ya mwezi, mtu akiuliza kitabu cha migomba, Mfumo ulijibu: "KIPO. KINA DOA LA CHAI KUSHOTO. PANYA AMEKULA KONA." Kilipo haukusema. Mji wa kitabu ulijulikana kwa droo ilikokaa kadi yake, na waraka haukutaja droo. Mabasi yakaanza kufika na vikaratasi vingi kuliko zamani, vyote vinamwuliza Bi Somoe maana ya majibu ya Mfumo.

Lakini hayo yote yangevumilika. Balaa lilikuwa kwenye kadi zilizosimama.

Kuhusu hali ya kitabu, Mfumo ulijua maneno mawili tu, KIPO na HAKIPO. Mafundi walikuwa wameweka na la tatu, KIMEAZIMWA, ila Waziri alilifuta mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: *Nchi iliyoendelea haina mambo ya katikati.* Kwa hiyo ikatoka amri kwamba kadi zote zilizosimama zilazwe. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Bi Kurusumu, huku akinung'unika, alilaza mia nne na kumi na moja. Ya droo ya sabini na mbili hakuigusa. Akaenda kunywa maji.

Bwana Mwimo akailaza mwenyewe. Asubuhi akaikuta imesimama. Akailaza tena. Asubuhi imesimama. Siku ya nne akaandika wizarani kwamba kuna kadi moja inaonyesha ukaidi. Wizara ikatuma Kamati Ndogo ya Kadi Kaidi, watu tisa. Wakaizunguka droo, mmoja mmoja akaigusa, wakala chakula cha mchana, wakapendekeza iundwe kamati kubwa.

Siku ya tano kijana akawahi, akamkuta Bi Somoe kabatini, kidole bado kiko kwenye kadi.

"Kumbe ni wewe, bibi."

"Ulidhani ni jini?"

"Ningependa ingekuwa jini. Jini ningeliandikia ripoti." Akavuta kiti. "Bibi yangu, hii kadi inanichelewesha kupanda cheo."

"Na mimi inanichelewesha, mwanangu."

"Inakuchelewesha nini?"

"Kulia." Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kusema droo imejaa vumbi. "Miaka ishirini na minane sijatandika mkeka wa matanga. Watu waliniambia, Somoe, tandika, watu waje wakupe pole. Nikasema sitandiki, kadi imesimama. Nitamliaje mtu ambaye serikali yenyewe imeandika *kirudi*?"

Bwana Mwimo alinyoosha tai yake. Akasema, "Niletee kimoja katika vitatu. Mtu mwenyewe, au kitabu, au cheti cha kifo. Nikipata kimoja, nitajua cha kuandika."

Bi Somoe akajitanda kanga akaenda Ofisi ya Vifo.

Ofisi ya Vifo ilikuwa safi, ina feni. Karani akafungua daftari. "Mama, mwanao hajafa. Amesafiri. Tazama, jina lake hili hapa, Daftari la Wasafiri, ukurasa wa kumi na tisa. Hongera."

"Atarudi lini?"

"Hapa tunashughulika na vifo tu, mama. Safari ni ghorofa ya pili."

Akapanda ghorofa ya pili, mkono kwenye goti. Huko nako wakafungua daftari.

"Kweli amesafiri. Na asiyekuwepo nchini hawezi kuazima kitabu cha nchi. Kwa hiyo hakuazima."

"Aliazima kabla ya kusafiri, baba."

"Alisafiri lini?"

"Siku mliyomchukua."

"Sisi hatukumchukua, mama. Sisi tulimsafirisha." Akagonga mhuri kwenye karatasi tupu, kwa mazoea. "Ila kama unataka kuthibitisha kwamba aliwahi kuwepo, leta hati yoyote ya serikali yenye jina lake."

"Ipo moja. Ni kadi ya maktaba."

"Ilete."

"Kadi haitoki maktaba. Ni mali ya serikali."

"Basi," akasema yule bwana kwa huruma ya kweli, "umeona mwenyewe serikali yako inavyotunza mali."

Alirudi mikono mitupu. Bwana Mwimo hakumwuliza kitu, usoni aliona. Jumatatu ya wiki ya mwisho, simu za wizara zilipozidi, aliketi mbele ya Mfumo akaandika: *Mzinga na Wenyewe*. HAKIPO. Akabonyeza. Kisha akamwita Bi Somoe akamwambia mwenyewe, kwa kuwa alilelewa vizuri.

"Nimekosa, bibi. Na hairekebishiki. Kilichoandikwa HAKIPO hakirudishwi kuwa KIPO. Waziri ameagiza hatua za taifa zisirudi nyuma."

"Na kadi?"

"Jumamosi kadi zote zinachomwa uwanjani. Unaitwa Moto wa Maendeleo. Kabati linakwenda kwa Mheshimiwa, kuwekwa vyombo."

Bi Somoe akahesabu kwa vidole. "Leo Jumatatu," akasema. "Basi anazo siku tano." Akaenda akaisimamisha vizuri kadi, maana ilikuwa imeanza kuinama.

Sasa, Waziri alitaka Jumamosi atangaze kwamba nchini hakuna kitabu hata kimoja kilichochelewa, na hotuba ilikwishapigwa chapa. Ili mambo yafanane na hotuba, zikatangazwa Siku Tatu za Msamaha wa Vitabu, Jumatano mpaka Ijumaa. Yeyote mwenye kitabu akilete. Juu ya meza ya kupokelea likabandikwa tangazo: *Mpokeaji asiulize. Mrejeshaji asijieleze. Asiyeuliza hadanganywi.* Bwana Mwimo akawekwa kando ya meza kusimamia kutoulizwa.

Watu wakaitikia kuliko ilivyotarajiwa. Waliposikia kwamba kuna mahali pa kurudisha kitu usiulizwe, wengine walileta na visivyo vitabu. Ilirudishwa kengele ya shule. Yalirudishwa mabati ya zahanati. Mbunge mmoja alirudisha rafu nzima, na vitabu vikiwa juu yake katika mpangilio ule ule, havijaguswa hata kimoja. Mwanamke mmoja alimleta mume, akaelezwa kwamba msamaha ni wa vitabu.

Bi Somoe ndiye alipokea. Kila kitabu kilichowekwa mezani alikitazama jalada kwanza. Jumatano hakikuwemo. Alhamisi hakikuwemo. Ijumaa alasiri meza ilikuwa tupu, na Bi Kurusumu ameshaanza kukunja vitambaa vya meza, alipoingia mzee mmoja mwenye shati la kaki lililofuliwa mpaka likawa karibu na jeupe. Mikono yake ilikuwa imevimba vidole, na mfuko wa nailoni alioshika ulinuka moshi na nta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akatoa kitabu akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka sahani mbele ya mgonjwa.

Jalada lilikuwa la karatasi ya mfuko wa saruji. Pembeni solusheni ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia.

Mdomo wa Bi Somoe ukafunguka. Bwana Mwimo, ambaye alikuwa hajatazama, akakohoa kwa mazoea: "Bibi, tusiulize." Kisha akatazama jalada, na kikohozi kikakatika.

Bi Somoe akafunga mdomo. Akazunguka meza, akavuta kigoda, akamwekea yule mzee. "Kaa, mdogo wangu. Kukaa si kujieleza."

Mzee akakaa. Wakakaa wote. Bi Somoe alikuwa amengoja miaka ishirini na minane. Dakika chache hazikumshinda. Feni ilizunguka mara moja ikaacha.

"Bwana afisa," mzee akasema mwishowe, "mtu anaruhusiwa kuomba huduma?"

Bwana Mwimo akapekua waraka. "Huduma inaruhusiwa."

"Naomba kusomewa sura ya saba."

Akakisogeza kitabu mbele kidogo.

"Mimi sijui kusoma. Hiki nilikuwa nasomewa. Nilikuwa mlinzi, mahali. Waliniambia nikichome moto, sikukichoma. Nilikuwa nampa msomaji wangu kupitia tundu la mlango, na kila zamu yangu nilisomewa kidogo. Leo nina mizinga arobaini, na yote nilijifunza humo. Ila msomaji wangu alinifikisha mwisho wa sura ya sita. Ilikuwa Jumapili. Jumatatu nilipoingia zamu, sura ya saba haikuwa na wa kuisoma."

"Mzee," akasema Bwana Mwimo, "hayo ni maelezo."

"Hapana, bwana. Ni ombi la huduma."

Bi Somoe alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kuuliza kulikatazwa. Kusema hakukukatazwa, tangazo lilikuwa mbele yake na alilisoma lote, midomo ikicheza.

"Mwanangu," akasema, kama anayezungumza na meza, "alikuwa akisoma anatikisa mguu."

"Wa kushoto," akasema mzee.

"Msimu wa baridi kifua kilikuwa kinambana."

"Kilimbana. Nilimpa koti langu. Baadaye kidogo, dada. Nilichelewa kumpa."

Kalamu ya Bwana Mwimo ilianguka, na hakuinama kuiokota.

"Jumatatu hiyo," akasema Bi Somoe, "labda mvua ilinyesha."

"Ilinyesha. Udongo ulikuwa laini. Tulimlaza ubavu wa kulia, uso unakotakiwa kuelekea. Waliokuwepo walisema haina haja. Hilo nililisimamia mimi."

Nyuma ya meza ya karani Bi Kurusumu alikuwa ameshajifunika uso kwa kanga.

Bi Somoe akakifungua kitabu. Kona moja ilikuwa imekunjwa, kukunjwa kwa kijinga, pembe tatu kubwa. Akaitazama. Hakuinyoosha. Akakifunga.

"Sura ya saba haisomwi leo, mdogo wangu," akasema. "Hiyo ni ya kwangu. Wewe nenda kwa nyuki wako."

Mzee akainuka. Alionekana kama anataka kusema neno jingine, akalitazama tangazo, ambalo hata asiyejua kusoma alijua linasema nini, akashukuru kwamba lipo, akatoka.

Bi Somoe akaenda kabatini. Akavuta droo ya sabini na mbili mpaka mwisho. Aliigusa kadi kwa mgongo wa kidole kama alivyozoea, kisha akaishika kwa mikono miwili, akaitoa katika kusimama kwake, na kuilaza kwa ubavu kati ya wenzake. Ilikuwa imepinda kwa kusimama sana, ikawa inainuka inainuka. Akaibembeleza kwa kiganja mpaka ikatulia.

"Pumzika," akasema.

Bi Kurusumu aliuvua Mfumo Mmoja kile kitambaa chake cha maua, akakitandika sakafuni mbele ya kabati, akakaa juu yake na kunyoosha miguu, akampigapiga mwenzake nafasi pembeni. "Njoo, shoga. Umekawia mno." Na Bi Somoe akakaa, akalia. Alilia kilio cha kizamani, cha kujipiga mapaja na kutaja jina, na wachapaji sita wakaacha kuchapa, na kondakta aliyeleta vikaratasi vya mwisho akavua kofia.

Bwana Mwimo alingoja mpaka kilio kikapungua. Akaenda kwenye mashine kukipokea kitabu kama inavyotakiwa. Akaandika jina la kitabu. Mfumo ukajibu: HAKIPO. Akaandika tena. HAKIPO. Akasimama, kitabu kiko mkononi, hana pa kukiweka. Rafu hazipokei kisichokuwepo, wala uwanjani hawachomi kisichokuwepo.

"Bibi," akasema, akikitoa kwa mikono miwili, "siwezi kukupokea hiki."

Bi Somoe akakifunga katika upande wa kanga, akakikumbatia, akashika njia ya kutoka.

Langoni palikuwa na askari wa Usasa, ameajiriwa wiki ile, ana kioo kidogo cha Mfumo cha kukagua kila kitabu kinachotoka.

"Bibi, hicho ni kitabu."

"Tazama kwenye kioo chako."

Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Hakipo," akasema.

"Basi sijabeba kitu."

Askari akafikiri, akaona hoja haina kasoro, akainua kizuizi. Bibi akapita. Alitembea polepole, mgongo umenyooka, mikono yote miwili chini ya ule mzigo, akikwepa mashimo ya njia asije akautikisa.

"Bibi!" askari akamwita. "Mbona unatembea kama umebeba mtu?"

Hakugeuka.

"Na wewe, mwanangu," akasema, "usiulize."